Watu 76 wa Ngomeni

Mwaka 1697 kulikuwa na kipindi ambacho Ngome ya Yesu, pale Mombasa, ilibaki bila kikosi cha Wareno walioijenga. Bendera juu ya kuta ilikuwa ya mfalme wa Ureno, mizinga ilikuwa ya Ureno, na kila buruji lilikuwa na jina la mtakatifu wa Kikristo. Lakini askari waliotoka Lisbon na Goa, makao ya Wareno huko India, walikuwa wamekwisha kuzikwa. Waliobaki kuilinda, kwa hesabu iliyohifadhiwa katika kumbukumbu za Kireno, ni Bwana Daud wa Faza, jamaa zake 17, wanaume Waafrika 8 na wanawake Waafrika 50. Jumla yao ni watu 76.

Nje ya handaki walikuwako wapiganaji wa Imam wa Oman, Saif bin Sultan. Walikuwa wameushika mji na kisiwa, na ulikuwa umepita mwaka na zaidi wakiingojea ngome iishiwe. Wale 76 hawakufungua lango.

Mtoto wa pwani anaweza kusoma historia hadi akamaliza shule, akawajua Vasco da Gama na Sayyid Said, asilisikie hata mara moja jina la Bwana Daud. Mhadhara huu unamrudisha mahali pake, yeye na wale aliokuwa nao. Unauliza pia swali ambalo watu wa Faza, na wa pwani nzima, wana haki ya kuliuliza: je, yafaa kuwaonea fahari wachache walioshikilia ukuta, hali ukuta wenyewe ulikuwa wa mgeni? Jibu litakalotetewa hapa ni kwamba yafaa, mradi kisa kisimuliwe chote, pamoja na sehemu zake zinazouma.

Ngome yenyewe kwanza. Ilianza kujengwa Aprili 1593, ikamalizika 1596. Ramani yake ilichorwa na Giovanni Battista Cairati, Mtaliano wa Milan aliyekuwa mhandisi mkuu wa Wareno upande wa India. Imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na mawe yake ni matumbawe hayo hayo. Mtu akiukaribia ukuta na kuutazama kwa makini ataona mistari ya viumbe vya baharini iliyogandia ndani ya jiwe. Eneo lake lote ni kama hekta 2.36. Pembeni yamechomoza maburuji manne: São Filipe na São Alberto yametazama upande wa nchi kavu, São Matias na São Mateus yametazama upande wa bahari. Kuchomoza huko kuna kazi. Mlinzi aliyesimama kwenye buruji moja humwona, na humpiga, yeyote anayejaribu kuupanda ukuta wa buruji la pili. Ngome ya namna hiyo ilibuniwa ili watu wachache waweze kuwazuia wengi.

Lakini hata uchache una mpaka. Chukua wanaume wote waliohesabiwa, pamoja na Bwana Daud mwenyewe: hata tukiwachukulia jamaa zake wote kuwa wanaume, ni 26. Wagawe kwa maburuji manne, halafu wagawe tena kwa zamu mbili, ya mchana na ya usiku, maana adui hushambulia wakati wowote. Wanabaki wanaume watatu kila buruji. Watatu hao hawawezi kulinda, kushindilia mzinga, kubeba baruti, kuteka maji, kupika na kuuguza kwa wakati mmoja. Hesabu yenyewe inatuambia ni nani aliyefanya mengine yote, na ni nani aliyesimama ukutani pale penye pengo. Ni wale wanawake 50. Walikuwa karibu theluthi mbili ya kikosi. Kumbukumbu zinataja idadi yao bila jina hata moja, na kwa miaka zaidi ya 300 wamebaki hivyo, namba iliyotajwa mwisho wa sentensi baada ya wanaume.

Mazingiwa yalianza tarehe 13 Machi 1696, majahazi ya Oman yalipoingia Mombasa. Wareno ndani ya ngome hawakuzidi 70. Pamoja nao walijifungia mamia ya wenyeji wa pwani waliokuwa upande wao, wanaume, wanawake na watoto. Kapteni alikuwa João Rodrigues Leão. Hakuuona mwaka wa pili. Alifariki humo humo ngomeni, na uongozi ukamwangukia António Mogo de Mello, ambaye naye alikufa mwaka uliofuata.

Msomaji wa pwani atakielewa kisa hiki vizuri akikumbuka pepo. Kutoka Goa, chombo huja Mombasa kwa kaskazi, pepo inayovuma kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi mwezi wa tatu hivi. Kaskazi ikifa na kusi ikashika, njia hiyo inafungika, na msaada unaoweza kuja ni wa kutoka Msumbiji. Ndiyo maana tarehe za mazingiwa haya hazikutawanyika ovyo. Waomani walifika Machi, kwa mkia wa kaskazi. Msaada wa kwanza wa Wareno ulifika Desemba 1696, kaskazi ilipofungua. Msaada wa pili ulifika Septemba 1697, na wa tatu Desemba ya mwaka huo huo. Kati ya kaskazi na kaskazi, waliokuwa ndani walijua kabisa kwamba hata barua yao ikifika Goa leo, jibu litasubiri upepo.

Msaada wa Desemba 1696 ulileta watu na chakula. Katika miezi iliyofuata ukazuka ugonjwa wa kuambukiza. Watu waliokuja kuongeza nguvu wakawa wa kuzikwa. Ugonjwa uliwamaliza wenyeji wengi na ukakikomba kikosi cha Kireno, mpaka ngome ikawa haina Mreno wa kuiongoza. Hapo ndipo Bwana Daud alipochukua dhamana.

Chakula kilipita wapi, hali kisiwa kilikuwa cha adui? Kilipita baharini, usiku. Ngome imekaa mdomoni mwa mlango wa bahari wa Mombasa, na upande wake wa mashariki mwamba unateremka hadi majini. Chombo kidogo kinachojua kina na mikondo kiliweza kujipenyeza chini ya ukuta gizani. Baadhi ya chakula kilitumwa na Malkia Fatuma wa Unguja, aliyekuwa rafiki wa Wareno, na alilipa gharama kubwa kwa ajili hiyo: Waomani walikishambulia kisiwa chake, na yeye akachukuliwa hadi Oman, akakaa uhamishoni miaka kadhaa kabla ya kurudishwa. Faza nayo ni mji wa mabaharia. Vyombo vya visiwa vya Lamu wakati huo vilikuwa ni pamoja na mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, kikienda kwa tanga la mkeka.

Tarehe 15 Septemba 1697 meli za Wareno zilionekana tena. Kwa wakati huo wale 76 walikuwa wamekwisha kuthibitisha walichotakiwa kuthibitisha. Katika meli zilizokuja kuiokoa ngome ilikuwamo Santo António de Tanná, meli ya kivita iliyojengwa India. Mwezi mmoja baadaye, Oktoba 1697, ilizama karibu kabisa na ukuta wa ngome. Ilikaa chini ya maji karibu miaka 280. Kuanzia 1977 hadi 1980 wataalamu wa mambo ya kale ya baharini waliichimbua hatua kwa hatua, na vilivyotoka humo, mitungi, vyombo vya kaure, mizinga na vifaa vya mabaharia, vimo leo katika makumbusho ya ngomeni. Mgeni anaweza kusimama mbele ya kabati akatazama mtungi uliokuja na msaada ule, kisha akatoka nje, akapanda ukutani, na kutazama chini yalipo maji yaliyoumeza.

Kuna kitu kingine humo kinachostahili kutazamwa kwa utulivu. Ni kipande cha ukuta chenye michoro ya makaa na udongo mwekundu, kazi ya askari na mabaharia wa Kireno wa karne ya 17. Wamechora meli zenye milingoti na kamba zake zote, wamechora watu, wamechora kanisa. Hakuna anayeweza kuutazama mchoro ule asiwahurumie walioufanya. Ni vijana waliokuwa mbali na kwao, wanaokumbuka meli kwa sababu meli ndiyo njia pekee ya kurudi. Wareno waliacha mchoro, waliacha maandishi juu ya lango, waliacha barua na taarifa zilizosafiri hadi Goa na Lisbon. Wanawake wale 50 hawakuacha alama ya mkono wao popote tunapoweza kuielekezea kidole. Hii ndiyo sababu kubwa ya fahari ya mahali kuwa muhimu. Mtu asiyeandikwa hana wa kumkumbuka ila watu wa kwao.

Sasa tufike Faza.

Faza iko upande wa kaskazini wa kisiwa cha Pate, katika visiwa vya Lamu. Wenyewe Wabajuni huiita pia Paza, na jina jingine la mji ni Rasini. Wareno waliandika Ampaza. Kutoka Mombasa ni zaidi ya kilomita 250 baharini. Hata leo mashua inayotoka Lamu kwenda huko hutazama kwanza maji, kwa sababu njia ya Mkanda haipitiki vizuri maji yakitoka. Kisiwa kile kidogo kilikuwa na miji mitatu yenye majina makubwa, Pate, Siyu na Faza, na majirani hao watatu hawakuwa wakipendana siku zote.

Bwana Daud alikuwa wa ukoo wa watawala wa Faza. Na hapa kisa kinakuwa kigumu. Miaka 110 kabla ya siku zake ngomeni, mji wa mababu zake uliteketezwa na Wareno hao hao. Katika miaka ya 1585 na 1586 nahodha wa Kituruki, Mir Ali Bey, alipita pwani akiwaita watu waukatae utawala wa Ureno, na Faza ni miongoni mwa miji iliyomwitikia. Mwaka 1587 Goa ilituma jeshi la kulipiza kisasi chini ya Martim Afonso de Melo. Faza ilivamiwa, watu wakauawa, nyumba zikachomwa, minazi ikafyekwa kwa maelfu. Mtawala wa mji aliuawa, na kichwa chake kikapelekwa Goa kuonyeshwa watu. Kwa mtu wa visiwani, mnazi ni chakula, ni kamba, ni paa, ni mafuta, na ule unaopandwa leo utamlisha mtoto baadaye. Kufyeka minazi ni kuwanyima riziki hata ambao hawajazaliwa.

Ikawaje basi mwana wa Faza akaja kuilinda bendera ya watu hao?

Jibu liko ng'ambo ya pili ya kisiwa. Katika karne ya 17 Pate ilinenepa kwa biashara, ikawa na nguvu, na Faza ikajikuta inaishi kivulini mwa jirani. Pate ilikuwa upande wa Oman. Faza ikatafuta mkono wa kuegemea, na mkono uliokuwapo ulikuwa wa Ureno. Makamu wa mfalme wa Ureno, Pedro de Almeida, alipokuja kuipiga Pate mwaka 1678, Faza ilikuwa upande wake. Watawala wa Pate, Siyu, Manda na Lamu waliuawa kwa amri yake, kisha majahazi ya Oman yalipofika mwanzoni mwa 1679 Wareno wakalazimika kuondoka. Damu hiyo ilibaki katikati ya miji. Kwa hiyo vita vya 1696 vilipoanza, mtu wa Faza alikuwa amekwisha kujua jambo moja wazi: Oman ikishinda, Pate imeshinda.

Tukilielewa hilo, Bwana Daud haonekani tena kuwa kibaraka. Anaonekana kuwa mwanasiasa wa mji mdogo, mwenye kukumbuka 1587 na mwenye kuiogopa kesho, akachagua. Inawezekana alichagua vibaya. Waomani walishinda. Lakini uchaguzi ulikuwa wake na wa watu wake, na aliusimamia hadi mahali ambapo wengi wangekwisha kuteremka usiku kwa kamba na kujisalimisha. Nje ya ukuta walikuwapo Waislamu wenziwe. Walikuwapo watu wa pwani wenziwe, wasemao lugha moja naye. Masharti ya kusalimu amri hayakuwa mbali. Hakuyachukua.

Wapo wanaosema kwamba shujaa wa kweli ni yule aliyekuwa nje, aliyekuja kuwang'oa Wareno. Hoja hiyo ina nguvu na haifai kupuuzwa. Watu wa Mombasa na wa Pate walikuwa wameomba msaada wa Imam baada ya Waomani kuwafukuza Wareno Muscat mwaka 1650, na walikuwa na sababu zao: kodi, forodha iliyobana biashara, watawala waliouawa. Mombasa ina fahari yake iliyo wazi. Tarehe 16 Agosti 1631 Yusuf bin Hasan, mtoto wa mfalme aliyelelewa Goa na kubatizwa kwa jina la Jerónimo, aliingia ngomeni, akamuua kapteni na kuichukua ngome. Mwanzoni mwa 1632 jeshi kutoka Goa likiongozwa na Francisco de Moura lilikuja kuitwaa tena, likashindwa, likarudi. Hao nao walikuwa wachache ndani ya ukuta ule ule, na waliulinda dhidi ya Wareno. Mji ulioitwa Mvita una mengi ya kujivunia, na Muyaka bin Haji aliyapa mashairi yake makali katika zama za Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa.

Siyu nayo, mwendo wa saa chache tu kutoka Faza, ina fahari isiyohitaji kutetewa. Katika miaka ya 1840 mji ule mdogo, chini ya Bwana Mataka na wanawe, uliyarudisha majeshi ya Sayyid Said, mtawala aliyekuwa na meli na hazina ambayo Siyu haikuwahi kuiota. Amir Hamad, jemadari wa Sayyid, aliuawa katika vita hivyo, na kaburi lake liko Faza. Mke wa Bwana Mataka alikuwa Mwana Kupona, ambaye utendi wake bado unasomwa. Siyu ililinda nyumba zake yenyewe, dhidi ya aliyetaka kuitawala, na kila anayesikia hupiga makofi. Ilisalimu amri mwaka 1863 tu, enzi ya Sultani Majid.

Faza haina urahisi huo. Fahari yake imechanganyika na bendera ya Ureno, na huenda ndiyo maana imekuwa kimya. Lakini ushujaa wa wachache haupimwi kwa rangi ya bendera peke yake, la sivyo tungelazimika kuvua heshima nusu ya mashujaa wa dunia. Linalotakiwa ni kutenganisha mambo mawili ambayo watu hupenda kuyafunga pamoja. La kwanza ni haki ya upande uliopiganiwa. Hilo linajadiliwa, na Wareno wa karne ya 16 na 17 wana mengi ya kujibu pwani hii. La pili ni jinsi binadamu alivyosimama alipoachwa peke yake na neno alilolitoa. Hilo linaonekana kwa macho. Watu 76, wenye njaa, waliozika wenzao, waliishika ngome ya maburuji manne.

Wagiriki wana somo kwetu katika hili. Mwaka 480 kabla ya Kristo, kwenye njia nyembamba ya Thermopylae, Wagiriki wachache walilikabili jeshi kubwa la Uajemi. Dunia nzima inajua kuhusu Wasparta 300 na mfalme wao Leonidas. Wachache wanajua kwamba siku ya mwisho walibaki pia watu 700 wa Thespiai, mji mdogo wa Boiotia, wakiongozwa na Demophilos, nao wakafa pale pale. Walikuwa zaidi ya mara mbili ya Wasparta, na kwa mji mdogo kama wao hasara hiyo ilikuwa kubwa kupita kiasi. Sanamu ya Leonidas ilisimamishwa mahali hapo mwaka 1955. Ukumbusho wa Wathespiai ulikuja 1997. Miaka 42 ilipita kati ya shujaa mwenye jina na mashujaa wa mji mdogo, na hiyo ni baada ya karne nyingi za kusahauliwa. Faza ni Thespiai yetu.

Watanzania wanajua jinsi mahali panavyoweza kutunza kumbukumbu. Iringa ina Lugalo, ambako tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa walikivunja kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski. Huhitaji kumuuliza mtu wa Iringa mara mbili, atakuonyesha. Songea wana makumbusho ya Majimaji, na kila mwaka tarehe 27 Februari huwakumbuka mashujaa walionyongwa hapo mwaka 1906. Fahari ya aina hiyo haikuota yenyewe. Ilisimuliwa na wazee, ikaandikwa na walimu, ikapewa siku yake, ikapewa jiwe lake. Na Songea, tukumbuke, wanawaadhimisha watu walioshindwa vitani. Kushindwa hakujawahi kuwazuia watu kujua waliokuwa wao.

Mwisho wa mazingiwa ulikuja tarehe 13 Desemba 1698, miezi 33 kamili tangu majahazi yalipoingia. Ndani ya ngome walikuwa wamebaki wachache kuliko hata wale wa Bwana Daud: kapteni, Leonardo Barbosa Souto Maior, askari wanaohesabika kwa vidole, kasisi mmoja na watu wengine wachache. Waomani waliuparamia ukuta, na kapteni akafa akipigana. Siku saba baadaye, tarehe 20 Desemba, meli za msaada kutoka Goa zilifika Mombasa na kuikuta bendera ya Oman juu ya ngome. Kaskazi ilikuwa imezileta, lakini imechelewa kwa juma moja.

Linganisha vipindi viwili hivyo. Mwaka 1697, chini ya mwana wa Faza, ngome ilishikwa hadi msaada ukafika. Mwaka 1698, chini ya kapteni wa Kireno, haikushikika. Hili halisemwi ili kumshusha Barbosa, ambaye alikufa mahali alipotakiwa kuwa. Linasemwa kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa ramani ya fahari ya Ngome ya Yesu haiwezi kuchorwa kwa majina ya makapteni tu.

Ngome iliendelea kubadilisha mikono. Wareno waliirudia mwaka 1728, na mwaka uliofuata wenyeji wa Mombasa wenyewe wakawatoa. Novemba 1729 walikwenda, na hawakurudi tena. Wakaja Mazrui, wakaja Mabusaidi, ukoo wa Sayyid Said, wakaja Waingereza walioifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958. Imekuwa makumbusho tangu 1960, na mwaka 2011 iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kila mkono ulioishika umeacha kitu: mbao zenye aya zilizochongwa, nyumba ya Waomani, mizinga, makaburi. Watoto wa shule huingia kwa makundi, wakapanda ukuta wa São Mateus na kutazama bahari.

Basi ombi la mhadhara huu ni dogo na linatekelezeka. Walimu wanaowapeleka watoto ngomeni wawafanyie pale juu ya ukuta ile hesabu ya wanaume 26 na maburuji manne, kisha wawaulize ni nani aliyesimama mahali palipobaki wazi. Wazee wa Faza, Wabajuni wa Lamu, wa Mombasa na wa Kismayu, ambao bado wana nasaba za masheikh wa Paza vichwani au katika madaftari yaliyofungwa sandukuni, wazisome kwa wajukuu na waruhusu ziandikwe, kabla mwandiko haujafifia na kabla msomaji hajaondoka. Na anayekwenda Faza kwa mashua, maji yakijaa na Mkanda ukapitika, akifika amuulize mwenyeji habari za Bwana Daud. Akijibiwa, aandike.